Kuimarisha Kompositi za Mkonge na Nyuzi Nyingine za Mimea kwa Vipuri vya Magari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa mafundi wa bodi za matatu, wanafunzi wa uhandisi na waendesha boda boda wanaofika karakanani kwetu hapa Nairobi, wengine wakiwa na shada la mkonge mkononi na swali moja tu: je, hiki kitu kinaweza kuwa mlango wa gari? Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale ambapo jambo limeelezwa tayari, utaelekezwa kwenye swali husika kwa namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Kompositi ya nyuzi za mimea ni kitu gani?

Ni kitu kimoja kilichoundwa kwa vitu viwili vinavyosaidiana: nyuzi zinazobeba mzigo, na resini (gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu) au plastiki inayozishika pamoja, inayozikinga na inayohamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Aliyewahi kuona nyumba ikikandikwa kwa udongo uliochanganywa na nyasi anaijua kanuni hii tayari, kwa maana udongo peke yake hupasuka ukikauka na nyasi peke yake haisimami kuwa ukuta.

Fundi wa Nairobi anayetengeneza bampa kwa kile anachokiita "faiba" anatumia kompositi kila siku, ila nyuzi zake ni za kioo. Hapa tunabadilisha nyuzi tu. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo chanzo cha maswali karibu yote yaliyo kwenye ukurasa huu, kwa sababu kioo hakinywi maji na mmea hunywa.

2. Je, mkonge una nguvu sawa na faiba ya kioo?

Hapana, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia maneno. Uzi wa kioo cha aina ya E, kile cha kawaida cha faiba, huhimili mvutano wa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 2,000 hadi 3,500, na ukakamavu wake, yaani ukinzani wake dhidi ya kunyooshwa, ni takriban gigapaskali 72 (gigapaskali moja ni megapaskali 1,000). Uzi wa mkonge kwa kawaida huhimili megapaskali 400 hadi 700, na ukakamavu wake ni kati ya gigapaskali 9 na 22, kutegemea umri wa jani, sehemu ya jani uzi ulikotoka na namna ulivyochakatwa.

Hata hivyo, gari halijengwi kwa nguvu ya mvutano peke yake. Kioo kina uzito wa takriban gramu 2.55 kwa sentimita moja ya ujazo ilhali mkonge una gramu 1.45 hivi, kwa hiyo kwa uzito uleule unaweza kutengeneza bamba nene zaidi kwa mkonge. Unene ndio wenye neno bamba linapopindwa: ukiuongeza mara 2, ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda huongezeka mara 8. Kwa sababu hiyo, kwenye vitu bapa kama paneli ya ndani ya mlango au sakafu ya buti, mkonge huweza kukaribiana na kioo kwa uzito sawa, ingawa kwenye kitu kinachovutwa kama mshipi utashindwa vibaya.

3. Hili ni jambo jipya?

Ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau katika Ujerumani Mashariki kuanzia 1957 hadi 1991, lilikuwa na paneli za nje za resini ya fenoli iliyoimarishwa kwa masalia ya pamba. Baadaye Mercedes-Benz walitumia nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya migomba, kwenye kifuniko cha nje cha nafasi ya gurudumu la akiba la A-Class. BMW i3 ikaja na paneli za milango zenye nyuzi za kenafu. Na mwaka 2019 Porsche walitoa gari la mashindano, 718 Cayman GT4 Clubsport, lenye milango na bawa la nyuma vya kompositi ya nyuzi za mimea.

Kinachotushangaza ni kwamba Kenya, nchi iliyo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani, huuza nje sehemu kubwa ya nyuzi zake zikiwa ghafi.

4. Nitumie mmea gani hapa kwetu?

Anza na mkonge. Unapatikana kwa wingi kutoka Mwatate, Vipingo na Mogotio, nyuzi zake hufika urefu wa mita moja na zaidi, na huuzwa kwa madaraja yanayojulikana kama 3L na UG, jambo linalokusaidia kununua kitu kilekile mwezi ujao. Usinunue kwa macho tu: daraja la chini huwa na vipande vya gamba la jani vilivyoganda kwenye nyuzi, na resini haipenyi hapo.

Makumbi ya nazi ya Pwani yana lignini (kitu kinachoupa mti ugumu) nyingi na nguvu kidogo, lakini hunyumbuka sana kabla ya kukatika, kwa hiyo yanafaa zaidi kwenye mito ya siti kuliko kwenye paneli. Nyuzi za mgomba ni nzuri ila ubora wake hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Kitani cha Ulaya kinaushinda mkonge kwa ukakamavu, lakini kukiagiza kutoka ng'ambo kunaondoa faida ya kuwa na mkonge nyumbani.

## Kuimarisha nyuzi zenyewe

5. Kwa nini kipande changu cha mkonge na resini kinavunjika kirahisi wakati kamba ya mkonge haikatiki?

Kwa sababu nguvu ya kompositi haikai ndani ya uzi peke yake. Inakaa pale uzi unapokutana na resini. Uso wa uzi wa mkonge umefunikwa na nta, pektini na hemiselulosi (vitu vya mmea vinavyogandisha nyuzi pamoja), na chini yake kuna selulosi, kitu kinachoupa uzi nguvu, iliyojaa vikundi vya haidroksili, yaani sehemu za molekuli zinazopenda maji. Resini ya poliesta na plastiki ya polipropilini hazipendi maji hata kidogo. Ukizikutanisha bila matayarisho, mzigo unapofika mpakani uzi huteleza na kuchomoka badala ya kubeba.

Unaweza kuliona hili bila mashine yoyote. Vunja kipande, kisha utazame mahali kilipovunjika kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nyuzi ndefu zimetokeza kama nywele za brashi, safi, zisizo na hata chembe ya resini, mshikamano ulikuwa duni. Ukiona nyuzi zimekatika karibu na uso wa mvunjiko na zimegandamana na resini, uzi ulifanya kazi yake. Sisi huwapa wanafunzi kipimo hiki kabla ya kingine chochote, na hadi leo hakijatudanganya.

6. Nyuzi hutibiwaje kwa kostiki soda?

Hii ndiyo tiba ya kwanza, na mara nyingi inatosha. Kostiki soda huyeyusha nta, pektini, sehemu ya lignini na hemiselulosi, uso wa uzi unabaki na mikwaruzo ambayo resini hujishikiza, na uzi wenyewe huanza kugawanyika kuwa nyuzi nyembamba zaidi, hivyo eneo la kushikana linaongezeka.

Kwa gramu 500 za mkonge, tayarisha lita 10 za myeyusho wa asilimia 5, yaani gramu 500 za kostiki soda. Tia soda kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya soda, kwani mchanganyiko huchemka na kuruka. Vaa glavu za mpira na miwani. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Tunasisitiza hili kwa sababu sisi wenyewe, mara ya kwanza, tulitumia sufuria kubwa ya alumini iliyokuwa karibu: kostiki soda huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na ilitubidi tuibebe sufuria ikitoa povu hadi uani huku mtu akikimbia kuzima moto wa kuchomelea uliokuwa ukiwaka hatua chache kutoka hapo.

Loweka nyuzi kwa saa moja hivi katika joto la kawaida la chumba. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ndiyo takataka inayotoka. Suuza kwa maji mengi, malizia kwa maji yenye siki kidogo ili kuondoa soda iliyobaki, kisha suuza tena mpaka karatasi ya kupima asidi ionyeshe 7. Anika, halafu kausha kama ilivyoelezwa katika swali la 10. Maji machafu yasimwagwe mtaroni kabla ya kupunguzwa ukali kwa siki.

7. Nikitumia soda ya asilimia 15, si nyuzi zitakuwa imara mara tatu?

Zitaharibika. Soda ikizidi, au muda ukirefushwa mno, huanza kuishambulia selulosi yenyewe, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uzi. Uzi hutoka mweupe, laini na wa kupendeza, kisha hukatika ukiuvuta kwa vidole. Kaa kati ya asilimia 2 na 6, na ujaribu shada dogo kwanza.

8. Sileni inaongeza nini ambacho soda haiwezi?

Soda husafisha na kukwaruza, sileni, kemikali ya jamii ya silikoni, huunganisha. Ni mshenga wa kikemia: upande mmoja wa molekuli yake hufunga na haidroksili za selulosi, na upande wa pili hufunga na resini. Ni lazima uchague sileni inayoendana na resini yako, kwa sababu ile yenye kikundi cha amino inafaa epoksi, na ile yenye vinili au methakrili inafaa poliesta. Huchanganywa kwa kiasi kidogo katika maji na pombe, mchanganyiko ukiwa na asidi ya pH 4 hadi 5 kwenye karatasi ya kupima asidi, na nyuzi huloweshwa zikiwa zimeshatibiwa kwa soda.

Faida yake kubwa haionekani siku ya kwanza bali baada ya mvua, kwani kiungo cha kikemia hustahimili maji kuliko kile cha kukwaruzana tu. Kwa paneli ya ndani isiyolowa, tunaona gharama yake haina haja. Kwa madgadi ya pikipiki, tungeitumia.

9. Na kama natumia plastiki ya polipropilini badala ya resini?

Ongeza polipropilini iliyopandikizwa maleiki, kwa asilimia 2 hadi 5 ya uzito. Sehemu ya maleiki hufunga na uzi, na mkia wa polipropilini hujisokota ndani ya plastiki. Ni nyongeza ndogo yenye matokeo makubwa, na viwanda vingi vya paneli za magari hutegemea njia hii.

Angalia joto. Nyuzi za mimea huanza kuharibika zikipita nyuzijoto 200 hivi za Selsiasi: hugeuka kahawia, hunuka kama mkate ulioungua na kupoteza nguvu. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzijoto 165, kwa hiyo kuna nafasi ya kufanyia kazi. Nailoni 6 huyeyuka karibu 220, na ndiyo sababu hatushauri mtu kuianzia.

## Kutengeneza kipuri

10. Nyuzi zikauke kiasi gani?

Kuliko unavyodhani. Mkonge uliokaa wazi hubeba unyevu wa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani katika kilo 10 ulizonunua kuna karibu kilo nzima ya maji. Maji hayo yakikutana na joto la resini inayoganda au plastiki iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kuacha vipovu ndani, na kila kipovu ni mwanzo wa ufa.

Kausha kwenye tanuri ya nyuzijoto 80, ukipima uzito kila saa hadi namba isimame. Usihesabu saa, hesabu gramu. Kisha zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uzitumie siku hiyohiyo. Tuliwahi kukausha nyuzi vizuri jioni moja ya Aprili, tukaziacha mezani usiku wa mvua, na asubuhi tukatengeneza mabamba 6 yaliyoachana tabaka kwa tabaka kama chapati. Kosa lilikuwa la usiku ule mmoja.

11. Nyuzi ziwe na urefu gani, na zipangwe vipi?

Zikipangwa upande mmoja hutoa nguvu yote kuelekea upande huo na karibu hakuna kukingama. Zikitawanywa ovyo kama mkeka, bamba linakuwa sawa pande zote, lakini kila upande hupata takriban theluthi moja tu ya ukakamavu ambao nyuzi zingeweza kutoa. Kwa paneli ya mlango, mkeka wa nyuzi za milimita 30 hadi 50 unatosha. Kwa kitu kirefu chembamba kinachopinda upande mmoja, zipange kwa urefu wake, na uzichane kwanza, kwani uzi uliojikunja hunyooka kabla haujaanza kubeba mzigo. Zikiwa fupi kupita kiasi zitachomoka tu, hata zikitibiwa vipi.

12. Natumia mkono na brashi kama kwenye faiba ya kioo. Kwa nini napata bamba nene lenye resini nyingi?

Mkonge hauketi chini, una kiburi. Mkeka wake hufura kama sifongo na kunywa resini, kwa hiyo kwa mkono pekee nyuzi mara nyingi hazifiki hata robo ya ujazo wa bamba. Dawa yake ni shinikizo.

Wengi hukimbilia pampu ya kunyonya hewa, nayo husaidia, lakini kumbuka ulipo. Mombasa hewa hubonyeza kwa kilopaskali 101 (kilopaskali 1,000 ni megapaskali moja). Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni karibu 82 tu, na pampu haiwezi kukupa zaidi ya kile hewa ilicho nacho. Jeki ya hidroliki ya tani 20, ile ya kuinulia lori, ikibonyeza kalibu (umbo la kufinyangia bamba) ya sentimita 30 kwa 30, hutoa zaidi ya kilopaskali 2,000. Fremu ya kuishikilia anaweza kukuchomelea fundi yeyote hodari wa Kariobangi. Kwa mabamba madogo, hicho ndicho kifaa tunachokipendekeza.

Na onyo lisilohusu mkonge peke yake: kama resini yako haijatiwa kobalti (kemikali ya kuharakisha kuganda) kiwandani, usiwahi kuichanganya kobalti moja kwa moja na katalisti ya MEKP, ile dawa ya kugandisha resini. Hulipuka. Koroga kobalti kwenye resini kwanza hadi ipotee, ndipo uongeze katalisti.

13. Je, naweza kuchanganya mkonge na kioo?

Ndiyo, na mara nyingi huu ndio uamuzi wenye busara. Weka kioo kwenye tabaka za nje na mkonge katikati. Bamba linapopinda, nje ndiko kunakovutwa na kubanwa zaidi, kwa hiyo kioo kinawekwa mahali chenye manufaa, na wakati huohuo kinaukinga mkonge dhidi ya maji. Wapo wanaoona huku ni kuusaliti mmea. Sisi tunaona ni bora kipuri chenye nusu ya kioo kinachodumu kuliko kile cha asili tupu kinachorudi dukani.

## Kipuri kikiwa garini

14. Ni sehemu zipi zinafaa, na zipi zisiguswe?

Zinazofaa ni paneli za ndani za milango, sakafu ya buti, migongo ya siti, dari ya ndani, rafu ya nyuma na vifuniko. Humo mkonge una faida mbili zaidi: hunyonya kelele, na unapovunjika kwa kawaida hautoi ncha kali kama plastiki ngumu.

Zisizoguswa ni chesisi, nguzo za bodi, nanga za mikanda, mikono ya sasupensheni, na chochote kilicho karibu na bomba la moshi. Uzi wa mmea hutofautiana na mwenzake hata ndani ya jani moja, na sehemu inayolinda uhai haijengwi juu ya wastani.

15. Haitashika moto?

Itashika, kama siti na mazulia ya gari yanavyoshika. Swali ni kasi. Kiwango cha Marekani FMVSS 302, kwa vifaa vya ndani ya gari, kinataka moto usisambae kwa zaidi ya milimita 102 kwa dakika kwenye kipande kilicholazwa. Unga wa alumini haidroksaidi kwenye resini husaidia, kwa sababu ukifika karibu nyuzijoto 200 huachia maji na kupoza moto, lakini unahitaji kiasi kikubwa, resini inakuwa nzito kupaka na nguvu hupungua. Fosfati ya amonia huhitajika kwa kiasi kidogo zaidi. Kata vipande, vichome mahali salama ukiwa na saa mkononi kabla ya kwenda maabara, utaokoa ada.

16. Na mvua na jua la Nairobi?

Maji huingia kupitia kingo zilizokatwa, ambako ncha za nyuzi ziko wazi kama mirija. Uzi huvimba, resini hupasuka kidogo, uzi ukikauka hunywea na kuacha mwanya, na mvua inayofuata hupita hapo. Kwa hiyo kila tundu la skurubu na kila ukingo uzibwe kwa resini baada ya kukatwa, si kabla. Jua nalo huvunja lignini na kufifisha rangi; jelkoti (tabaka la nje la resini linalokinga) au rangi ya gari huzuia. Tiba ya nyuzi inayostahimili maji iko katika swali la 8.

17. Nikitaka kuweka paneli hizi kwenye matatu, nani ataniidhinisha?

Bodi za magari ya abiria zina kiwango cha KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), KS 372, na ukaguzi wa magari uko chini ya NTSA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama). Peleka mchoro na matokeo ya vipimo kabla ya kufunga, kwa sababu kufumua matatu nzima baada ya kukataliwa ni hasara ambayo hakuna mwenye gari atakusamehe.

## Maswali ya pembeni

18. Magunia na viondo vilivyochakaa vinaweza kutumika?

Gunia la juti, ndiyo, kwa kazi nyepesi, baada ya kuoshwa kwa sabuni na kutibiwa kama katika swali la 6. Lililobeba mafuta au simiti liache. Kiondo cha mkonge kina nyuzi zilizosokotwa kwa nguvu, na resini haifiki moyoni mwa msokoto. Kitafanya kazi nzuri zaidi kikiendelea kubeba mboga.

19. Kipuri hiki kitaoza kikitupwa?

Nyuzi zingeoza, lakini zimefunikwa na resini isiyooza. Ukitumia poliesta au epoksi, umetengeneza kitu kisichoyeyushwa tena. Ukitumia polipropilini, kinaweza kusagwa na kuyeyushwa upya, ingawa nyuzi hufupika kila mara. Usikiuze kwa jina la "kinachooza".

20. Nina bampa la kiwandani lililopasuka. Nilizibe kwa mkonge na resini?

Kwanza tazama upande wake wa ndani. Ukikuta herufi PP, hiyo ni polipropilini, na resini ya poliesta haitashika. Kiraka kitabanduka kama stika ndani ya wiki chache. Bampa hilo linahitaji kuchomelewa kwa fimbo ya plastiki ya aina ileile. Ikiwa bampa ni la faiba lililotengenezwa na fundi, likwaruze kwa msasa hadi ng'aro iishe, futa vumbi, kisha weka kiraka cha mkonge uliotibiwa na kukaushwa, kikipita ufa kwa angalau sentimita 5 kila upande, na tabaka moja la kioo juu yake kwa sababu iliyotajwa katika swali la 13.